Rangi Isiyochuja: Niliyojifunza Kwenye Meza ya Slaidi

Vijana wanaokuja maabara yetu kwa mafunzo ya vitendo huwa wamesoma. Waulize hatua za Gram, njia ya kutia bakteria rangi ili kuwagawa makundi mawili, watazitaja zote bila kukosea. Wape mtihani wa kuandika, watafaulu. Tatizo ni kwamba chuo kimewafundisha kwa Kiingereza kazi ambayo mikono yao bado haijaizoea. Maneno kama "stain", "fast", "negative", "fix" na "deposit" wanayajua kwa maana ya mtaani au ya shule, halafu wanayakuta mezani kwetu yakifanya kazi nyingine kabisa. Nimekaa kwenye maabara ya hospitali hapa Tanzania muda mrefu wa kutosha kuwa na msimamo kuhusu hili: mwanafunzi aanze kwa kuona rangi ikiingia, ikioshwa na ikibaki, ndipo apewe jina la Kiingereza. Akianza na jina, atalikariri na kulikosea siku mgonjwa anapolihitaji.

Tuanze na "stain" yenyewe. Mwanafunzi wa sekondari anaijua kama doa: doa la mafuta kwenye shati, doa la chai kwenye kitambaa cha meza, na hata doa kwenye jina la mtu. Fundi seremala anaijua kama rangi ya mbao, ile inayoingia ndani na kuacha mistari ya mti ionekane. Kwetu ni dawa ya rangi, na pia ni tendo lenyewe la kuitia kwenye slaidi, kile kioo chembamba tunachopaka sampuli. Kazini tunasema "kusteini". "Umeshasteini?" "Hii imesteini vibaya, rudia." Kuna pia "dye", ambayo wengi hudhani ni kitu kilekile. Dye ni ile rangi yenyewe, mara nyingi unga kwenye chupa. Ikishayeyushwa kwenye maji au alkoholi kwa vipimo maalumu, pengine na kemikali nyingine ndani yake, ndipo tunaiita stain.

Binti mmoja makini sana, kati ya vijana tuliowahi kuwa nao, alipokea makohozi kutoka wodini. Kwenye fomu, sehemu ya muonekano wa sampuli, palikuwa pameandikwa "blood-stained". Akaweka kopo pembeni na kuendelea na sampuli nyingine. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Mama, hii wameandika imeshasteiniwa. Nasubiri waniletee slaidi yake."

Nikamfungulia lile kopo chini ya kabati la usalama ili aone mwenyewe. Makohozi yalikuwa mazito, ya njano, na michirizi ya damu imepita katikati. Hicho ndicho fomu ilichokuwa inasema: makohozi yamechanganyika na damu. Taarifa hiyo haiandikwi kama pambo. Mtu anayekohoa damu anahitaji jibu haraka, na mtaalamu wa maabara anatakiwa atafute ndani ya kopo ile sehemu nzito yenye usaha, aichukue kwa kijiti na kuipaka, kwa sababu bakteria wakiwepo, huko ndiko wengi wao walipo. Ukipaka mate au damu tupu utapata slaidi safi yenye jibu la uongo. Binti yule aliipaka mwenyewe, taratibu, kwa miduara midogo midogo mpaka ikawa na unene unaofaa: ukiiweka juu ya gazeti kabla ya kusteini, maandishi yanasomeka kwa mbali.

Kwenye makohozi ndiko tunakokutana na neno linalonipendeza kuliko yote, "acid-fast". Karibu kila mwanafunzi hudhani "fast" hapa ni haraka, na nimesikia maelezo ya kila aina: bakteria anayekimbia kwenye asidi, bakteria anayekufa upesi kwenye asidi. Kumbe ni "fast" ya zamani yenye maana ya kushika na kutoachia, ileile ambayo wauza vitambaa Waingereza huitumia kwa nguo isiyotoa rangi. Kiswahili chetu kina neno lake tayari. Mama yeyote akiwa dukani anachagua kanga huuliza: hii inachuja? Kanga nzuri haichuji hata ukiiloweka na kuisugua. Bakteria wa kifua kikuu naye, akishapokea rangi, hachuji hata ukimmwagia asidi. Tangu nianze kulieleza hivyo, sijaona mwanafunzi akilisahau.

Kazi yenyewe inaonyesha kwa nini. Ukuta wa bakteria huyu umejaa nta, na rangi baridi haiupiti kirahisi. Kwa hiyo tunatumia fuksini, rangi nyekundu iliyokolea, iliyochanganywa na fenoli. Unaimwaga ifunike slaidi nzima, kisha unapitisha moto wa spiriti chini yake polepole, mbele na nyuma, mpaka mvuke uanze kupanda. Inatakiwa itoe mvuke tu. Ikichemka au ikikauka utapata chembechembe za rangi zilizoganda juu ya kioo na slaidi imeharibika. Unaiacha dakika 5. Sinki lote linakuwa jekundu, na vidole vyako pia usipovaa glovu. Unasuuza kwa maji, unamwaga mchanganyiko wa asidi na alkoholi, unasubiri, unasuuza tena, na hapo kila kitu kilichokuwa chekundu kinaachia: kamasi, seli za usaha, bakteria wengine wa mdomoni. Mwisho unaweka methilini bluu, ambayo kwa Kiingereza huitwa "counterstain", rangi ya pili inayoshika vyote vilivyoachia ya kwanza. Ukiweka mafuta na kutazama kwa ukuzaji wa mara 1000, unaona uwanda wa buluu na juu yake vijiti vyembamba vyekundu, vingine vimepinda kidogo, vingine vimelala pamoja. Hao ndio waliogoma kuchuja.

Robert Koch alitangaza kugundua bakteria huyu tarehe 24 Machi 1882 mjini Berlin, na ndiyo sababu Siku ya Kifua Kikuu Duniani huangukia tarehe hiyo. Njia yake ya rangi ilikuwa ngumu. Mwaka uleule Paul Ehrlich akaonyesha kwamba bakteria huyu anavumilia asidi, kisha Franz Ziehl akaleta fenoli na Friedrich Neelsen akaiunganisha na fuksini. Majina ya hao wawili wa mwisho ndiyo yaliyoandikwa kwenye chupa zetu mpaka leo. Huwa nawaambia vijana kwamba njia wanayoilalamikia kwa moshi na joto ilijengwa na watu kadhaa ndani ya miaka michache, kila mmoja akirekebisha alipoishia mwenzake.

Neno ninaloliogopa zaidi ni "negative". Kwenye masikio ya Mtanzania wa leo "negativu" ni habari njema. Miaka mingi ya kupima virusi vya Ukimwi imelipa neno hilo uzito huo. Sasa chukua karatasi ya majibu ya maji ya uti wa mgongo ya mtoto mwenye homa kali na shingo iliyokakamaa, iliyoandikwa kwamba wameonekana bakteria "Gram negative". Baba wa mtoto mmoja aliwahi kunirudia dirishani na karatasi ya aina hiyo mkononi, uso umechangamka. "Daktari, nashukuru Mungu, mtoto ni negativu."

Nilimwambia, "Baba, hilo ni jina la kundi la wadudu. Wadudu wameonekana. Naomba hiyo karatasi, twende wodini wote." Wakati huohuo mwenzangu alikuwa ameshapiga simu kwa daktari wa zamu. Kwa majibu ya aina hiyo simu hupigwa kwanza na karatasi hufuata, na kwa maoni yangu hakuna maabara inayopaswa kufanya kinyume, kwa sababu homa ya uti wa mgongo haisubiri foleni.

Hans Christian Gram, daktari kijana kutoka Denmark, alikuwa Berlin akichunguza mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia alipoiandika njia hii mwaka 1884. Alichokuwa anatafuta ni namna ya kuwaona bakteria ndani ya nyama ya pafu. Akasteini kwa rangi ya zambarau, akaweka iodini, akaosha kwa alkoholi, na wengine wakabaki na zambarau huku wengine wakiipoteza. Waliobaki nayo ndio tunaowaita positive, waliopoteza ni negative. Basi. Neno halisemi lolote kuhusu kuumwa au kutoumwa. Gram mwenyewe aliandika kwamba njia yake ina kasoro na akatumaini itawafaa wengine, na kweli wengine wakaongeza baadaye rangi nyekundu ya mwisho, ili wale waliopoteza zambarau waonekane kwa upinki. Leo tunajua kwamba tofauti iko kwenye ukuta: wa kwanza wana ukuta mnene unaonasa zambarau, wa pili wana ukuta mwembamba na tabaka la mafuta nje, ambalo alkoholi inalivunja.

Kwenye Gram kosa kubwa ni la sekunde. Hatua ya kuosha rangi, "decolorize", ukiizidisha kidogo hata wenye ukuta mnene wanatoka pinki, ukiipunguza hata wembamba wanabaki zambarau. Mpako ukiwa mnene mno ndiyo balaa zaidi, kwa sababu pembeni utasoma jibu moja na katikati jibu jingine. Bakteria wazee na walioshapigwa na antibiotiki nao hupoteza rangi waliyotakiwa kuwa nayo. Ndiyo maana kila tunapofungua chupa mpya tunasteini kwanza bakteria tunaowajua, mmoja wa kila kundi, tukiwaona sawa ndipo tunagusa sampuli ya mgonjwa.

Iodini ya katikati huitwa "mordant", neno lililotokana na Kifaransa, kuuma. Inaungana na zambarau na kutengeneza donge kubwa lisilotoka kirahisi. Watia rangi wa vitambaa walilitumia neno hilo karne nyingi kabla yetu.

"Fix" nalo lina vita vyake. Kijana anajua fundi "anafiksi" redio, yaani anatengeneza. Mezani kwetu ni kuzikaza seli kwenye kioo zisiondoke na zisiharibike. Kwa malaria hili ni jambo la kufa na kupona kwa slaidi, kwa sababu tunapaka damu mara mbili: tone nene upande mmoja na damu nyembamba iliyovutwa upande mwingine. Ile nyembamba tunaikaza kwa methanoli ili seli nyekundu zibaki na umbo lake tuone kimelea kimekaaje ndani yake. Tone nene hatulikazi kabisa. Tunataka maji ya rangi yazipasue seli nyekundu, hemoglobini itoke, zibaki seli nyeupe na vimelea tu, ndipo unapoweza kutazama damu nyingi kwa mara moja. Methanoli ikigusa tone nene, au slaidi ikiachwa juani dirishani kipindi cha joto hadi ikajikaza yenyewe, ukitazama utakuta ukuta wa seli nyekundu umeziba kila kitu.

Rangi tunayoitumia hapo ni Giemsa, na nina mapenzi ya kweli kwa rangi hiyo. Gustav Giemsa alikuwa mkemia wa Hamburg, na kabla ya hapo, kati ya 1895 na 1898, alifanya kazi ya ufamasia kwenye koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki, nchi hii hii. Njia yake ya mwaka 1904 ilitengemaza kazi iliyoanzishwa na watu kama Romanowsky wa Urusi, ambao walijua kuchanganya methilini bluu na eosini lakini rangi yao ilikuwa inaharibika upesi. Giemsa akaituliza kwa kutumia methanoli na gliserini. Matokeo yake yanafahamika kwa yeyote aliyewahi kukaa mbele ya hadubini huku kwetu: kiini cha kimelea chekundu, mwili wake buluu, pete ndogo yenye kito.

Historia ya rangi hizi na malaria imefungamana kwa namna ambayo huwa nasimulia hata nisipoulizwa. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 mjini London, William Henry Perkin, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Hakuipata. Akapata uchafu uliotia kitambaa rangi ya zambarau na haukutoka, na kutoka hapo ikazaliwa biashara kubwa ya rangi za viwandani. Ni rangi za ukoo huo zilizowafikia kina Koch na Ehrlich maabara. Mwaka 1891 Ehrlich na mwenzake Paul Guttmann wakawapa wagonjwa wa malaria methilini bluu kama dawa, kwa sababu walikuwa wameona kwamba kimelea kinaipenda rangi hiyo. Rangi iliyotoka kwenye utafutaji wa dawa ya malaria ikarudi kumwonyesha mdudu wa malaria, na ikajaribiwa kumuua pia.

Giemsa inataka nidhamu ya maji. pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, inatakiwa iwe 7.2. Maji yakiwa na asidi, seli zinakuwa na wekundu mwingi na kimelea kinafifia. Yakiegemea upande wa alkali, kila kitu kinakuwa buluu chafu. Huko nyuma nimeona watu wakilaumu hadubini, wakilaumu chupa, wakilaumu mtengenezaji, wakati shida iko kwenye ndoo ya maji ya kisima. Chupa ya akiba isiingiwe na tone la maji hata kidogo, kwa hiyo pipeti yenye unyevu haikaribii pale, na rangi iliyobaki hairudishwi kwenye chupa. Iliyochanganywa asubuhi haitumiki jioni.

Halafu kuna "deposit". Benki ni kuweka pesa. Kwetu ni uchafu wa rangi uliotua juu ya slaidi. Ukiiangalia Giemsa iliyochanganywa utaona juu yake utando mwembamba unaong'aa. Ukiinamisha slaidi kumwaga rangi, utando ule unatua juu ya damu na kuacha madoa meusi ya zambarau, ambayo mtu mwenye haraka atayasoma kama vimelea. Tunachofanya ni kumwagia maji polepole upande mmoja wa slaidi ingali imelala, ule utando uelee na kutoka wenyewe. Na hapa nawafundisha vijana kupima kwa jicho: zungusha skrubu ndogo ya hadubini. Kimelea kiko sambamba na seli nyeupe. Uchafu wa rangi mara nyingi uko juu kidogo, na hauna rangi mbili. Ukikosa wekundu na ubuluu pamoja, usiandike kitu.

Watu huniuliza kama haya yote bado yana kazi, kwa kuwa kipimo cha haraka cha malaria kiko kila zahanati na mashine za kupima kifua kikuu kwa vinasaba zimefika mbali. Yana kazi. Kipimo cha haraka kinachotafuta protini ya kimelea kinaweza kuendelea kuonyesha mstari wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Slaidi inaonyesha kama vimelea bado wapo na ni wangapi. Tunahesabu vimelea sambamba na seli nyeupe 200, tunazidisha kwa 8,000, makadirio ya seli nyeupe kwenye mikrolita moja ya damu, na kugawanya kwa hizo 200. Ukipata vimelea 50, ni vimelea 2,000 kwa kila mikrolita ya damu. Daktari anayemtibu mtoto mwenye malaria kali anataka kuona hesabu hiyo ikishuka. Na kabla ya kuandika kwamba hakuna kitu, unapitia nyanja 100 za tone nene, yaani maeneo 100 yanayoonekana kwenye hadubini moja baada ya jingine, hata kama foleni ni ndefu. Kwa kifua kikuu, mashine ya vinasaba inasoma hata bakteria waliokufa, kwa hiyo anayeendelea na dawa tunamfuatilia kwa makohozi na rangi.

Slaidi za kifua kikuu hatuzitupi. Zinakaa kwenye boksi kwa mpangilio wa rejesta, na mratibu wa wilaya huchukua baadhi zikasomwe upya na mtu asiyejua tulijibu nini. Fuksini haichuji kwenye asidi, lakini hufifia kwa muda, hasa kwenye joto, unyevu na mwanga. Msomaji wa pili asipowaona bakteria ambao sisi tuliwaona, slaidi inatakiwa isteiniwe upya kabla ya kusema nani amekosea. Kwa sababu hiyo, kila jioni vijana wanafuta mafuta yote kwa karatasi laini, wanaangalia namba ya kila slaidi na rejesta, halafu boksi linafungwa na kuingia kabatini.